Maji ya Jumapili

Maji ya mfereji hayaji kwa kishindo. Kwanza unasikia majani makavu ya migomba yakisogezwa, kama mtu anayetembea peku akijitahidi asiamshe watu. Halafu kimya kidogo, maji yakijaza shimo fulani usiloliona. Halafu yanapita chini ya dirisha, na kwa kuwa bado uko katikati ya usingizi na kuamka, unahisi kitanda ndicho kinachoondoka. Nililala katika chumba kile utoto wangu wote. Siku hizi nakaa Olasiti, ambako maji hutoka bombani yakipenda, na bado kuna asubuhi naamka nikiapa kwamba nimeyasikia. Nanyoosha mkono kutafuta ukuta wa mbao, nakuta tofali, nakasirika bure.

Kwetu ni juu ya Maji ya Chai, ukiiacha barabara kuu na kuupanda mlima mpaka mahali ambapo ukungu hushuka wakati wowote unapojisikia, hata saa sita mchana, ukakaa juu ya kahawa kama mgeni asiyeaga. Ndani ya ukungu huo sauti zinakuja bila watu. Ng'ombe anakohoa, panga linagonga gogo, mtu anamwita mwanawe kwa Kimeru, na huwezi kujua ni nyumba gani. Nadhani ndiyo maana watu wa kwetu wanafahamiana kwa sauti kuliko kwa sura.

Mfereji ule ulichimbwa na watu ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona. Unaanzia mtoni, kwenye banio, pale wazee walipopanga mawe ili sehemu ya mto igeuke na kuja kwetu, halafu unateremka ukipinda kwenye mashamba yote mpaka la mwisho bondeni. Hapakuwa na bango lolote. Hapakuwa na mhandisi. Palikuwa na zamu: kila boma na siku yake, na siku yako ikifika unafungua tundu lako kwa jembe, unamwagilia, jua likizama unalifunga. Kabla ya mvua watu wote walitoka kusafisha, wanaume kwa wanawake, na aliyekosa bila sababu alileta pombe ya ndizi. Watu wakaketi, wakanywa, wakamtania mpaka pombe ikaisha, na kosa likaishia hapo.

Msimamizi wa mfereji alikuwa baba yangu. Walimchagua kwa sababu anaamka mapema na hana haya. Hakuwa na mgambo wala muhuri. Alikuwa na jembe, kofia ya sufu aliyoivaa hata juani, na sauti ambayo ukiisikia asubuhi ikikuita kwa jina unakumbuka haraka ulichokosea.

Baba hakuipenda serikali. Najua kusema hivyo kunaleta picha ya mtu anayepiga meza na kutukana viongozi, na baba hakuwa hivyo kabisa. Aliipa serikali heshima yake kamili, ilimradi ikae mbali. Barabara aliikubali. Polisi wa kukamata wezi aliwakubali, mahakama ya wauaji pia. Baada ya hapo alianza kuhesabia kwenye kidole gumba na kukwama. "Serikali ni mlinzi," aliniambia. "Mlinzi anakaa getini. Ukimkuta jikoni anaonja mchuzi, huyo umeshampoteza, na mchuzi umeupoteza." Nyumbani tuliongea Kimeru, lakini mada hii aliizungumza kwa Kiswahili siku zote, tena Kiswahili cha kusimama wima, kana kwamba hakutaka kuichafua lugha ya nyumbani.

Alikuwa na sababu zake. Babu yangu aliwahi kukatazwa kung'oa mibuni yake mwenyewe. Ilikuwa imezeeka, haizai, alitaka kupanda ndizi watoto wale, akaja mtu mwenye kofia ngumu akamwambia kahawa ni mali ya taifa, ukiing'oa unashitakiwa. Kwa hiyo babu aliishi na mibuni iliyokufa imesimama, akipita katikati yake asubuhi na jioni. Baba alikuwa mtoto. Anasema hakuna kitu alichowahi kukiona cha kusikitisha kama mzee anayeomba ruhusa kwa mtu ambaye hajui hata shamba linaanzia wapi.

Na alikuwa na mfano wa pili, wa furaha. Jumapili, baada ya ibada, usharika wetu unafanya mnada nje ya kanisa. Watu wameleta sadaka ya walichonacho, mkungu wa ndizi, kuku, sukari, mayai kwenye kibakuli, na mzee wa kanisa anavinadi. Utaona mtu ananunua kuku kwa bei ya mbuzi. Halafu anamrudisha yule kuku anadiwe tena. Watu wanacheka, wanashindana kutoa. Baba alikuwa akinigusa kiwiko. "Nani kawalazimisha?" anauliza. "Nionyeshe askari." Nami nilijibu kwamba kuna mke wa mchungaji anaangalia, na huyo ni zaidi ya askari. Alicheka mpaka akafuta macho, lakini mfano wake hakuuacha.

Sasa niseme wazi: mimi ni serikali. Nafanya kazi ya mipango miji mjini Arusha. Mtu akiona X nyekundu kwenye ukuta wake, ni watu kama mimi wamepita. Sijivunii rangi ile na siionei aibu. Huko Sombetini na kwingine upande wa magharibi, watu wamejenga kwa jasho lao, tofali baada ya tofali, kila mmoja akisogea kidogo kwa jirani mpaka njia ikawa ya kupita mtu na ndoo yake tu. Niliwahi kusimama kwenye mtaa wa namna hiyo nyumba ikiwaka moto. Gari la zimamoto lilifika upesi. Lilisimama barabarani likiunguruma, mipira yake mifupi, na sisi wote tukasimama kuangalia moto ukila chumba baada ya chumba, kwa sababu kila mwenye nyumba alikuwa huru na hakuna aliyeacha njia. Watu walitoka salama, namshukuru Mungu. Lakini nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Nilimsimulia baba. Alinisikiliza kwa makini, akamenya ndizi, akasema, "Hapo mna haki. Njia ni ya kila mtu." Nikafurahi. Kisha akaongeza, "Na mkishapata njia, mtataka kuchagua rangi ya mapazia." Jumamosi zangu zilikuwa hivyo. Napanda kwa bodaboda kutoka barabara kuu, nakaa naye barazani, chai, ndizi za kuchoma, mlima unajitokeza na kujificha, tunabishana mpaka mama anatoka ndani kutuuliza kama serikali imeshaamua nani ataleta kuni.

Nilimpenda sana katika saa zile. Nalisema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya udhani tuligombana, na kwa kweli tuligombana.

Mwaka ule vuli haikufika. Mawingu yalikuja, yakakaa mlimani, yakashauriana, yakaenda zao. Mto ukapungua mpaka mawe ya banio yakaonekana migongo. Kwenye mfereji mzima yalikuwepo maji ya kutosha siku moja boma moja, kwa shida, na yule wa mwisho bondeni aliyapata kama hakuna aliyechokonoa huko juu.

Wa mwisho alikuwa mjane mmoja, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito ya kushangaza. Sisi watoto tulimwita Mama wa Bondeni, na ukubwani sikuacha. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja, wakala, wakasema kwa upole kwamba mwanamke peke yake hawezi shamba la umwagiliaji, afadhali wao walichukue wamtunze. Akawaambia nipeni mwaka niwaonyeshe. Akapanda nyanya. Kila mtu kwenye mfereji alijua kwamba zile nyanya zikikauka shemeji wana la kusema, na shamba limekwenda. Zamu yake ilikuwa Jumapili.

Wa kwanza juu, karibu kabisa na banio, alikuwa baba mdogo mmoja. Si wa damu. Yeye na baba walibatizwa siku moja, na wameitana ndugu tangu hapo. Mtu mkunjufu, mwili mkubwa, mkarimu ajabu, na mwaka ule alikuwa amepanda maparachichi, miche mamia, kila mmoja na kijivuli chake cha majani. Aliipenda ile miche mpaka mkewe akaona wivu.

Kwetu kuna ibada ya kwanza, ya alfajiri, na ibada ya pili ambayo ndiyo yenye kwaya na mnada, na ndiyo kila mtu anaihudhuria. Baba mdogo alianza kusali ya kwanza. Tulimsifu kwamba amekuwa mcha Mungu. Kumbe akirudi, wakati mfereji mzima uko kanisani unaimba, na Mama wa Bondeni yuko mstari wa mbele na joho lake la kwaya, yeye anafungua tundu lake na kunywesha maparachichi kwa maji ya yule mwimbaji. Mama wa Bondeni akirudi nyumbani anakuta mfereji umelowana tu chini, mchanga wenye kung'aa, vyura wamekaa wakisubiri kama yeye.

Baba alikwenda kuongea naye. Walikaa chini ya mgomba, wakaulizana hali za watoto. Baba mdogo hakukana. Alisema, "Kaka, miche ni michanga. Nimekosa. Nitaleta pombe." Na akaleta, pipa zima, pamoja na nyama ambayo hakuna aliyemdai. Watu wakaketi, wakamtania, wakanywa mpaka jioni, kila mtu akaenda kwake akiimba. Jumapili iliyofuata akachukua maji tena. Kisha akaleta pombe tena.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho baba hakutaka kukiona. Adhabu yetu ilikuwa tamu. Aliyeadhibiwa alifurahi kuitoa na walioadhibu walifurahi kuinywa, na aliyeibiwa hanywi pombe. Yule mtu alikuwa amegeuza faini kuwa bei, anainunua Jumapili ya mjane kwa pipa, na wazee wa mfereji, baba yangu akiwemo, ndio waliokuwa wakimuuzia. Nilimwambia baba hivyo hivyo. "Nitatoa zamu yangu," akasema. "Jumatatu yangu nampa yeye. Migomba inavumilia."

Alikwenda mwenyewe kumwambia. Mama wa Bondeni alimshukuru kwa heshima zote, akamkaribisha chai, akakataa. Alisema, "Sitaki msaada, mzee. Nataka zamu yangu." Baba alirudi akiwa mdogo. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Alipita getini akiwa mdogo kuliko alivyotoka.

Jumamosi iliyofuata Mama wa Bondeni alinikuta njiani nikiteremka. Ukungu ulikuwa umeshuka na nilisikia sauti yake kabla ya kumwona. "Mwanangu," alisema, "wewe si serikali?" Nikamwambia ndiyo, mama, kidogo. "Serikali ni ya nini, kama si ya hili?" Nikamwelekeza ofisi ya kwenda, mlango wa kugonga, na maneno ya kusema. Ningefanya vilevile leo.

Baba alipojua hakupaza sauti. Alisema, "Umemwita mgeni asiyejua kuondoka," akachukua jembe akaenda shambani, na Jumamosi mbili tukanywa chai bila hoja. Sijawahi kunywa chai mbaya kama ile.

Na serikali ikaja, lazima niseme, ikaja vizuri. Vijana wenye adabu, shikamoo kwa kila mzee, walipima, wakaitisha mkutano, wakasikiliza. Walisema mfereji wote hauna kibali, lakini hawatatutoza chochote kwanza, wataturatibu. Wakajenga lango la chuma kwenye banio, wakalipaka rangi ya kijani, wakalifunga kwa kufuli. Ufunguo ukawekwa kwa mtendaji wa kata. Mwenye zamu atakwenda ofisini asubuhi, atasaini, atafungua, na jioni ataurudisha. Baba mdogo hangeweza tena kugusa maji siku isiyo yake, kwa sababu msimamizi wa lango angekuwa mwenye zamu mwenyewe, amesimama pale na ufunguo mfukoni.

Jumatatu ilikwenda sawa. Jumanne sawa. Mpaka Ijumaa nilikuwa nimeanza kutabasamu mbele ya baba, tabasamu la kichokozi, naye akitazama mlima. Jumamosi mtendaji alifungua ofisi nusu siku kwa hisani. Jumapili ofisi ilikuwa imefungwa, kama ofisi zote za serikali kote nchini.

Ingekuwa ndoto, ningeisimulia na watu wangecheka. Lakini nilikuwepo. Mfereji mzima mkavu kuanzia juu, kufuli likining'inia, na Mama wa Bondeni amekaa kwenye jiwe la banio na joho la kwaya mkononi, akiangalia mto ukipita upande wa pili. Mtendaji alipoulizwa alisema kwa huruma kwamba abadilishiwe siku. Siku gani? Zote zina wenyewe. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Nyanya zilianza kujikunja majani, na mmoja wa shemeji zake alipita njiani, akasimama, akatazama shamba kwa upole, akaondoka.

Jumapili ya tatu hakuna aliyekwenda mnadani. Sijui nani aliwaambia. Ibada ilipokwisha tu watu walipanda mpaka banio na nguo zao za kanisa, viatu mikononi. Ukungu ulikuwa mwepesi, una mwanga ndani yake, na magauni yale meupe na suti zile nyeusi zilionekana kama zinaelea juu ya majani. Mto ulisema peke yake. Na kutoka kwenye miche yake akatokea baba mdogo, jasho linamtoka, mkononi ana msumeno wa chuma.

"Nimekuja kukata," alisema. "Mimi ndiye niliyeleta hiki kitu hapa. Nikikikata, wanikamate mimi." Alikuwa karibu kulia. Nilimwamini, na kumwamini kukaniudhi.

Watu wakanitazama mimi. Katika watu wote pale mimi ndiye niliyekula mshahara wa lile kufuli. Nikamtazama baba. Nilidhani atafurahi, hii ilikuwa siku ambayo hoja zake zote zilikuwa zimekuja kumsalimia. Lakini baba alisema, "Usikate."

Baba mdogo akashangaa. "Wewe, kaka? Wewe?"

"Mwenye kukiita hiki kitu ni huyu mama," baba alisema, kwa Kimeru sasa. "Alikiita kwa sababu sisi tulimwangusha. Mimi nilimwangusha. Kama kitakatwa, aseme yeye. Hakuna mwingine mwenye mdomo hapa."

Tukamgeukia. Nakumbuka alivyokunja joho lake taratibu, mara moja, mara nyingine, akaliweka juu ya jiwe. Upande mmoja alikuwa na kufuli linalomlinda na kumnyima. Upande mwingine alikuwa na neno la mtu aliyemwibia huku akicheka. Bondeni nyanya zilikuwa zinangoja, na shemeji walikuwa wanangoja. Ningekuwa mimi ningesema kata. Nilitamani aseme kata.

"Sitaki likatwe," alisema kwa ile sauti yake ya kwaya. "Likikatwa, mwezi ujao nitakuwa nimekaa tena na vyura. Nataka ufunguo ukae kwangu."

Akaendelea, polepole, kama anayefikiri kwa mdomo. Mwenye zamu aje kwake bondeni auchukue, jioni aurudishe. Yeye ni wa mwisho, maji hayamfikii mpaka yamempita kila mtu. Siku yake yasipofika, na siku zao ufunguo hautatoka. "Sihitaji pombe ya mtu," alisema. "Sihitaji kumkamata mtu. Nitakaa tu nao."

Nilisomea mambo haya. Nimekaa kwenye semina zenye maji ya chupa, nimesikia watu wakieleza mamlaka ianzie wapi na iishie wapi. Sikuwahi kusikia mtu akisema akabidhiwe ufunguo yule aliye mwisho wa mfereji. Na wazee wetu nao, pamoja na uhuru wao wote, kwa vizazi vyote vile, walimchagua msimamizi kutoka katikati au juu. Nilimwona baba akilifikiri hilo.

"Ufunguo uko kwa mtendaji," mtu mmoja alikumbusha.

Nikateremka mimi. Bodaboda ilinishusha kwenye ukungu na kuniingiza kwenye jua la Maji ya Chai, mabasi yakipita, akina mama na mabeseni yao ya nyanya za watu wengine. Mtendaji alikuwa nyumbani, anakula na wanawe. Akanikaribisha mezani. Nilimweleza. Aliweka kijiko chini, akasema, "Dada, wewe mwenyewe unajua. Kuna utaratibu." Nikamwambia najua, mimi ni huo utaratibu, na nimekuja kwa miguu yangu kuuomba upumzike. Nilimwambia habari za shemeji na shamba. Mkewe, aliyekuwa anapakua ugali, akasimama na mwiko hewani, akamtazama mumewe.

Mtendaji akainuka, akaingia ndani, akarudi na ufunguo. "Tangu kiletwe hiki kitu silali," alisema. "Wananigongea tangu alfajiri. Chukua. Kwa leo tu."

Nikachukua. Leo hiyo haijaisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama wa Bondeni alifungua lango mwenyewe. Lilikuwa zito, akakataa kusaidiwa. Maji yaliingia kwenye mfereji mkavu yakisukuma povu na majani mbele yake, na sisi tukateremka pamoja nayo, watu wazima na nguo za kanisa, tukitembea kando ya maji kwa mwendo wa maji. Tulipita maparachichi, baba mdogo alisimama mbele ya tundu lake, mikono nyuma. Tulipita migomba yetu na dirisha la chumba changu. Sikumbuki kama tuliongea. Nakumbuka kwamba nilishikwa na hamu ya kulala, hamu tamu, pale pale nikitembea. Jua lilikuwa limeshuka tulipofika bondeni na yakaanza kugawanyika kwenye matuta ya nyanya, mstari baada ya mstari, udongo ukibadilika rangi. Yule mwimbaji alivua viatu akasimama katikati.

Sikurudi mjini jioni ile. Niliondoka Jumatatu, mapema, kabla jua halijatoka vizuri, na baba akanisindikiza. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Alikuwa amebeba jembe. Tulipofika bondeni akaniambia nitangulie, atanikuta, nami nikajificha kwenye kahawa bila aibu yoyote nimwangalie.

Jumatatu ni zamu ya baba. Alivuka ua wa yule mama, akasimama mlangoni, akakohoa, akasema, "Hodi." Hakuna aliyejibu. Akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Nani?" sauti nzito ikatoka bandani kwa ng'ombe.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Alikuwa anaijua sauti ile tangu alipoolewa. Mlima mzima unaijua. Baba akataja jina lake, halafu jina la baba yake, kama watu wanavyofanya dirishani pale ofisini kwetu.

"Nakamua," sauti ikasema. "Nikimaliza nitakuletea."

Nilingoja aseme kitu kuhusu walinzi na jikoni. Baba alivua kofia, akakaa kwenye kigogo karibu na mlango, akasubiri.